Yah: Malalamiko kuhusu seva yetu kupandishwa toleo bila bakapu

Duka la Jumla la Pembejeo,
Majengo,
Dodoma.

Mkurugenzi,
Kampuni ya Huduma za Kompyuta,
Dodoma.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhasibu wa duka hili, na ndiye niliyekaa na fundi wenu siku ile tangu saa sita mchana hadi usiku. Nimepiga simu ofisini kwenu mara nne, kila mara naambiwa suala linafanyiwa kazi. Sasa naandika.

Seva yetu, yaani kompyuta kuu inayotunza data za duka, ilikuwa na Windows Server 2016, toleo la Essentials, ambalo kikomo chake ni watumiaji 25 na vifaa 50. Lilitutosha hadi tulipofungua tawi Kibaigwa, karibu na soko la mahindi. Nafasi 25 zikajaa, karani mpya wa stoo akawa anaingia kwa jina la mwenzake. Hilo lilinikosesha usingizi, maana mfuko wa mbolea ukipungua hujui umuulize nani. Tukawaomba mtupandishe hadi toleo la Standard: seva ile ile, data zile zile, ufunguo mpya wa leseni. Ukurasa wa pili wa makubaliano tuliyosaini unasema kwamba kabla ya kazi kuanza mtachukua bakapu kamili ya seva, yaani nakala ya akiba ya data zake zote, na kuihakiki.

Bakapu hiyo haikuchukuliwa.

Kutoka Essentials kwenda Standard ni safari ya kwenda tu. Amri ikishapita na seva ikajiwasha upya, hakuna amri nyingine ya kuirudisha ilikotoka. Kinachobaki ni bakapu. Fundi anayelijua hilo hagusi kitu kabla hajarejesha walau faili moja kutoka kwenye bakapu na kuifungua mbele ya mwenye mali. Wa kwenu alifungua dirisha la bakapu, nikaiona mwenyewe alama nyekundu, nikamuuliza. Akanijibu, "Hilo ni onyo tu, dada, diski inafanya kazi." Diski ile ya nje ilikuwa imejaa. Bakapu ya mwisho iliyokamilika ilikuwa ya siku kumi na moja nyuma, na hayo niliyajua saa nne usiku, wakati hayana msaada tena.

Na siku yenyewe ilikuwa Alhamisi tarehe 19, kesho yake ndiyo mwisho wa ritani ya VAT. Nilimsihi tusubiri Jumapili, duka likiwa limefungwa. Akasema ni kazi ya nusu saa. Hakuuliza betri ya UPS, kile kifaa cha kushikilia umeme unapokatika, ina umri gani wala hakuijaribu. Umeme ukakatika seva ikiwa katikati ya kujiwasha, UPS ikalia mara mbili na kuzima. Uliporudi, Windows ilifunguka lakini hifadhidata ya mauzo ikagoma. Kwa umeme kukatika simlaumu mtu. Nalaumu kuanza kazi isiyoweza kurudishwa nyuma wakati UPS haijajaribiwa na diski ya bakapu imejaa.

Mauzo ya siku kumi na moja tumeyaingiza upya kwa mkono. Wasichana wawili wa kaunta walikaa siku tatu na masanduku ya nakala za risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi), karatasi ambazo wino wake hufifia kwa joto, nyingine zikisomeka kwa kubahatisha. Tena EFD inaonyesha mauzo; haionyeshi mkulima gani wa Kongwa au Mpwapwa alikuja kupunguza deni lake. Ilibidi niwapigie wateja mmoja mmoja kuwauliza walilipa kiasi gani. Wengi walinijibu kwa uungwana, wachache walikasirika, na walikuwa na haki: mtu aliyekwisha lipa anaulizwaje tena? Ritani ilichelewa, na adhabu tumelipa sisi.

Kuna la leseni pia. Toleo la Standard linadai leseni ya kila mtumiaji au kila kifaa, tofauti na Essentials. Kwenye makadirio yenu ya bei halikuwamo hata neno moja juu ya hilo. Tulilijua kupitia ankara yenu ya pili, kazi ikiwa imekwisha na kurudi nyuma haiwezekani. Tungeambiwa mapema, tungepanga fedha, au tungeamua kusubiri msimu wa mavuno upite.

Tunaomba mturudishie malipo yote ya ufundi ya siku ile pamoja na kiasi cha adhabu ya ritani. Stakabadhi zake nimeziambatanisha. Ankara ya pili hatutailipa hadi tukae nanyi na kuhesabu watumiaji walio halali yetu. Vilevile tunataka maelezo ya maandishi kutoka kwa fundi mwenyewe, yakieleza alichokiona kwenye lile dirisha la bakapu. Simtakii afukuzwe kazi. Ni kijana mwenye bidii, alikaa nasi hadi usiku bila kula. Nataka ofisi yenu imfundishe kabla hajaingia kwenye duka la mtu mwingine.

Diski ya nje ya zamani tumeitenga, haijaguswa tangu siku ile, mnaweza kuja kuikagua. Seva yenyewe msiiguse kwanza. Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku kumi na nne.

Wako,

Mhasibu,
kwa niaba ya Duka la Jumla la Pembejeo