Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: Presha ya macho haisubiri kambi

Ndugu Mganga Mkuu,

Salaam kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, Wilaya ya Uvinza. Mimi ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati ya kijiji chetu. Si mtaalamu wa macho, na barua hii inahusu ugonjwa mmoja tu: presha ya macho.

Huku kwetu mzee akianza kujikwaa, watu wana jibu tayari: mtoto wa jicho. Anaambiwa asubiri kambi ya madaktari wa macho. Kwa mtoto wa jicho mwenyewe, ushauri huo mara nyingi hauharibu mambo sana. Siku ya upasuaji lenzi iliyoingia ukungu inatolewa, inawekwa ya bandia, mtu anaona tena. Presha ya macho haina subira hiyo. Inaua neva ya jicho polepole, kwa kawaida bila maumivu yoyote, na huanza kula uoni wa pembeni, kiasi kwamba mtu anaendelea kumwona aliye mbele yake na kudhani yuko salama. Neva ikishakufa, hakuna upasuaji wala dawa ya kuirudisha. Basi yule mzee aliyesubiri kambi kwa utiifu wote anafika kwa daktari na kuambiwa amechelewa. Nimewasikia wakisimulia, na wengi hujilaumu wenyewe. Mimi siwalaumu, walifanya kile walichoambiwa.

Wala si ugonjwa wa watu wachache. Watafiti waliopima watu zaidi ya 3,000 wa miaka 40 na kuendelea katika vijiji vya Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapisha matokeo mwaka 2000, waliukuta kwa takribani watu 4 katika kila 100. Kongwa si Kigoma, najua, ila sioni sababu ya kuamini kwamba ziwa linatukinga.

Kilichonisukuma kuandika ni utafiti mwingine, uliofanyika Hospitali ya KCMC, Moshi. Wagonjwa 201 wa presha ya macho, walioandikishwa kati ya 2015 na 2017, waligawanywa kwa kura: nusu wakapewa matone ya timolol, dawa ya kushusha presha ya jicho, nusu wakapigwa leza kwenye njia inayotoa maji yaliyo ndani ya jicho (si machozi), ili presha ishuke. Matokeo yalitoka katika jarida la The Lancet Global Health mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza. Kwa yale ya matone, asilimia 31. Leza si muujiza. Theluthi ya macho yaliyofanikiwa yalihitaji kurudiwa, mengine hayakufua dafu kabisa, na uoni uliokwisha kupotea haurudi. Lakini tofauti hiyo ni karibu maradufu, na imepatikana hapa hapa nchini, kwa wagonjwa wa aina yetu.

Sasa mfikirie mvuvi wa dagaa wa Kalya au Sibwesa. Matone ya timolol ni asubuhi na jioni, kila siku, maisha yake yote, na mwenye pumu hafai kupewa. Chupa ikiisha, kuna nauli ya boti, kuna mawimbi, na akifika anaweza kuambiwa dawa hakuna. Mtu wa namna hii ndiye leza ingemfaa zaidi, maana ni kazi ya dakika chache na anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ila tiba hiyo ilipimwa Moshi, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Kigoma mjini.

Kambi za macho zisiwe za mtoto wa jicho na miwani pekee. Kila mwenye miaka 40 na kuendelea anayefika apimwe presha ya jicho na neva yake iangaliwe, kwa sababu wapo wanaougua huku kipimo cha presha kikisoma kawaida. Ndugu wa damu wa wagonjwa waitwe kwanza, wao wamo hatarini kuliko wengine. Na tafadhali, ratiba ipangwe wakati wa mbalamwezi. Wataalamu wakija siku za giza, zisizo na mwezi, ndizo za kuvua dagaa: wanaume usiku wako ziwani na mchana wamelala, halafu ripoti inasema mwitikio ulikuwa mdogo!

Kuhusu leza, tuambie hadharani mkoa una mpango gani: mashine, na mtu aliyefundishwa kuitumia, kwa kuwa mashine bila mtu tumeshaziona zikivikwa vitambaa. Hadi hapo itakapopatikana, matone yasikosekane. Mzee wa miaka 60 mwenye haki ya kutibiwa bure akiambiwa akanunue nje, huyo hajatibiwa.

Mipango kabambe ya afya ya halmashauri zetu unaifahamu kuliko sisi. Naomba presha ya macho iwe na kifungu chake humo, kando na upasuaji wa mtoto wa jicho, ili mwaka ukiisha kamati kama yetu iweze kuuliza ni wangapi wamepimwa na fedha imekwenda wapi.

Wako,
Mjumbe, kamati ya usimamizi wa zahanati, Uvinza

Nakala: Wakurugenzi Watendaji wa halmashauri zote za Mkoa wa Kigoma