Aliyeandika habari ya nyati hajawahi kumpakia hata mmoja kwenye lori

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nimelisoma gazeti lako bila kukuandikia. Mlipokosea majina ya mawaziri nilinyamaza. Mlipotabiri mvua likaja jua nilinyamaza. Lakini ile habari yenu ya majuzi kuhusu wafugaji wa Marekani wanaowapiga risasi nyati wao wenyewe malishoni, mkaiita uwindaji wa wavivu, imenikwama kooni.

Mimi ni kibarua kwenye ranchi ya nyati hapa South Dakota. Kabla ya hapo nilikuwa machinjioni, kwenye mstari wa kukata nyama. Pande zote mbili nazijua.

Mwandishi wenu anauliza kwa nini mnyama wa kufugwa, anayeletewa chakula na gari, auawe kwa bunduki badala ya kupelekwa machinjioni kama ng'ombe. Swali ni zuri, ila alijiuliza na kujijibu mwenyewe. Hawa nyati wa Marekani, baisani wenye nundu na ndevu, hawajawahi kuwa ng'ombe. Ng'ombe amezoeshwa mkono wa binadamu kwa maelfu ya miaka. Baisani walikuwa makumi ya mamilioni, wakauawa katika karne ya 19 hadi wakabaki chini ya elfu moja, na wa ranchini leo wengi ni wajukuu wa hao wachache walionusurika. Wamewekewa uzio juzi tu. Dume hufikia kilo 900 na hukimbia kilomita 55 kwa saa. Ukimbana kwenye kona hatafuti njia ya kurudi nyuma, anapita hapo hapo uliposimama.

Kuna msimu tajiri wetu aliamua tuwapeleke machinjioni kwa lori ili kupunguza gharama. Tulianza kuwaswaga alfajiri kuwaingiza kwenye zizi, kutoka zizini waingie kwenye ule ujia mwembamba wa vyuma unaoishia mlangoni mwa lori. Fahali mmoja wa miaka miwili hivi, umri ambao wengi wao huchinjwa, alilivaa lango kwa kichwa mpaka ganda la pembe ya kushoto likachomoka zima, damu ikamjaa jichoni, na bado akarudi nyuma akalivaa tena. Aliyekuwa nyuma yake akampanda mgongoni. Jike moja lilimtoboa mwenzake ubavuni kwa sababu tu hakukuwa na pa kusogea. Ndani ya lori mmoja akaanguka, wenzake wakamkanyaga njia nzima, na tulipofungua mlango kule mwisho wa safari alikuwa ameshakufa. Waliofika hai walisimama wakitweta, ulimi nje, wakisubiri zamu kwenye harufu ya damu na kelele za mashine. Halafu wakachunwa. Michubuko kila mahali, na nyama nyeusi, kavu, inanata vidoleni. Aliyewahi kufanya kazi machinjioni anaijua nyama hiyo. Mnyama akihangaika muda mrefu kabla ya kufa huimaliza sukari iliyo kwenye misuli, kwa hiyo akishakufa hakuna cha kugeuka asidi. Nyama inabaki nyeusi na haikawii kuharibika. Mnunuzi aliitazama akaikataa. Huo ndio ustaarabu ambao mwandishi wenu anatusihi turudie, Mhariri, na wala sijamsimulia habari ya mwenzetu aliyebanwa mguu kwenye lango.

Malishoni mambo ni mengine. Asubuhi ya baridi, gari lile lile la nyasi linaingia taratibu. Kundi linainua vichwa, linaona ni gari la kila siku, linainama kula. Mkaguzi wa nyama yupo, na ameshawaangalia wakiwa hai, wakitembea. Mpigaji hana haraka. Anangoja mpaka yule aliyechaguliwa asimame peke yake, asiwepo mwingine nyuma yake wa kupatwa na risasi ikipenya, na amgeuzie uso. Shabaha ni ubongo: vuta mstari kutoka kila jicho kwenda kwenye pembe ya upande wa pili, pale mistari inapokatana ndipo pa kuanzia kulenga. Ni eneo dogo, limefunikwa kwa manywele mazito na fuvu nene. Mlio mmoja, miguu yote inakunjika kwa pamoja. Wenzake wanaruka hatua chache, wanarudi kumnusa, wanaendelea kula. Nimeshika taya za aliyeanguka nikakuta nyasi bado ziko katikati ya meno, hajazimeza, na kisu kinaingia shingoni damu itoke kabla hazijapoa. (Msomaji Mwislamu atauliza kuhusu uhalali, na ana haki: mnyama aliye mikononi mwa mwenyewe huchinjwa, hapigwi risasi kama windo la porini. Hilo ni la masheikh. Mwandishi wenu hakuligusa kabisa, ingawa ndilo swali la kwanza ambalo nusu ya wasomaji wenu wangeuliza.)

Yule nyati mliyemweleza, aliyekimbia na jeraha akaanguka baada ya kufuatwa kwa muda mrefu, simkatai. Yupo. Ila hakuwa wa nyama. Kuna ranchi zinazouza nafasi ya kupiga: mtu anakuja na kofia mpya, analipa, anataka kichwa akatundike ukutani. Sasa anayetaka kichwa kizuri hawezi kukipiga kichwa! Anapiga nyuma ya bega, kwenye mapafu, na nyati mwenye tundu la mapafu ana muda wa kukimbia. Mpigaji wa nyama hana ukuta wa kupamba. Mmezichukua kazi mbili zinazopingana mkazitia kwenye chungu kimoja, kisha juu yake mkaweka picha ya mbogo wa Afrika, pembe zimeungana utosini, hana nundu wala ndevu! Mbogo huyo hajawahi kuiona theluji.

Na kama mnatafuta la kulalamikia, lipo. Ukaguzi wa ng'ombe na nguruwe hapa Marekani ni lazima, na muda wa kawaida wa kazi serikali inaugharimia. Wa baisani ni hiari. Mfugaji anayetaka muhuri wa serikali kuu analipia mkaguzi kwa saa. Huyu ndiye mnyama waliyemtangaza kwa sheria mwaka 2016 kuwa mamalia wa taifa! Kwa hiyo mpigaji anayengoja kwa subira ili asikosee anamwongezea tajiri wake gharama, na anayefyatua ovyo anamwokolea. Andikeni hilo muone kama nitawaandikia barua.

Mimi napendekeza hivi. Kila mpigaji, asubuhi kabla ya kazi, atie risasi tatu kwenye karatasi isiyozidi kisahani cha chai, kwa umbali ule ule atakaopigia siku hiyo. Ikikosa moja, bunduki apewe mwingine, yeye akafungue mageti mpaka jioni. Wageni wenye kofia mpya wafanyiwe vivyo hivyo, na pesa zao zisirudishwe.

Kuhusu mwandishi wenu, namkaribisha msimu wa kuchinja. Nitampa fimbo na kibendera, na nyati wanne tu. Akiwapakia kwenye lori bila mchubuko wala pembe iliyovunjika, nitanyamaza miaka mingine kama ile ya mwanzo. Nauli ajitegemee, na soksi nzito alete jozi mbili.

Mchunga nyati,
South Dakota, Marekani