Sikuwa Mombo

Korogwe, Jumamosi usiku

Mwanangu Mwanahamisi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, tunakula na kulala wote isipokuwa mimi tangu Alhamisi. Barua hii nimeitia ndani ya kiroba cha mchele, chini kabisa, kwa sababu simu yako inasikika nyumba nzima na wifi yako masikio anayo. Ukiulizwa kwa nini unauchambua mwenyewe, sema mama kasema mchele huu wa nadhiri, usishikwe na mkono mwingine. Mungu atanisamehe.

Alhamisi ulisema neno, ukacheka, halafu ukaniuliza habari ya mahindi. Ulisema, "Mama, naona huyu mtoto angepata raha zaidi kama asingekuwa na mimi." Na mimi nikakujibu kwamba mahindi yameingia dumuzi. Usidhani mtandao ulikatika. Nilisikia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ungo mkononi, nikasikia kila herufi, na mdomo ukatoa habari ya dumuzi.

Sasa nina ombi moja tu, mengine humu ni maneno ya mtu aliyekosa usingizi. Jumatatu ukimpeleka mtoto kliniki kupima uzito, mwambie nesi maneno yale yale. Usimwambie umechoka, kila mama pale kachoka. Usimwambie kichwa kinakuuma, utafungiwa vidonge vya maumivu kwenye karatasi na utarudi nyumbani navyo. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, bila kile kicheko cha mwisho.

Ijumaa nilikwenda zahanati yetu nikamuuliza nesi, nikajifanya naulizia binti wa jirani. Akanitazama, halafu naye akanijibu kama anayezungumzia binti wa jirani. Alisema kulia lia siku za kwanza baada ya kujifungua ni kawaida, kunakuja na kuondoka kwenyewe, mwisho wiki mbili. Kikizidi hapo ni kitu kingine, kina jina lake, sonona ya baada ya kujifungua, na tiba yake, na kinaweza kuanza wakati wowote katika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo usiniambie "mbona mwezi wa kwanza nilikuwa mzima". Akasema Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi kama zetu, kati ya kinamama 100 waliojifungua, karibu 20 wanapatwa. Nilirudi kwa miguu nikihesabu wanachama wa kikoba chetu. Tuko 30. Sita, basi. Nikaanza kuwataja moyoni mmoja mmoja, na kufika sita hakukunisumbua hata kidogo.

Aliniuliza kama huyo binti wa jirani analala mtoto akilala. Nikakumbuka ulivyonihadithia, kwamba mtoto analala saa nne mpaka saa tisa, na wewe unahesabu malori yanayopita. Nilipokusikia siku ile nilidhani unamngoja mumeo. Kumbe nesi anasema hapo ndipo pa kutazama. Ukishindwa kulala kwa sababu mtoto analia, huo ni ulezi. Ukishindwa kulala na mtoto kalala, hiyo ni habari nyingine.

Ana karatasi ya maswali kumi. Yanauliza kuhusu siku saba zilizopita, kama umeweza kucheka, kama umejilaumu bure, kama umekosa usingizi kwa huzuni. Swali la kumi linauliza kama umewahi kufikiria kujidhuru. Nililisoma mara mbili nikamrudishia karatasi yake. Kama huko kwenu hawana karatasi hiyo, wewe unayo kinywani. Na kama maneno yale yanakuja pamoja na njia, unanielewa, au ukianza kusikia sauti, au zikapita siku mbili hujalala kabisa, usingoje Jumatatu wala usingoje mumeo. Amka usiku huo huo, gonga kwa jirani, nenda hospitali yoyote iliyo karibu, mtoto mwachie wifi. Kwa hilo masikio yake yatatufaa.

Najua unachoogopa. Umekaa Dodoma miaka sita, na kila anayekosea hesabu huko kwenu anaambiwa apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Nesi anasema wengi wanakwenda Mirembe asubuhi, wanaonana na daktari, mchana wako nyumbani wanasonga ugali. Huenda hata hutafika huko. Wanaweza kukupima damu kwanza, maana upungufu wa damu baada ya uzazi nao unamlegeza mtu mwili na moyo. Kuna wanaosaidiwa kwa mazungumzo tu, tena kwa wiki kadhaa. Na zipo dawa ambazo mama anapewa huku ananyonyesha, kwa hiyo usianze kumwachisha mtoto ziwa kwa kusikia maneno ya dirishani. Muulize daktari.

Sisi huku Mirembe yetu ni Lutindi, ndiko tunakotishiana. Kile kikapu cha ukindu ulichoniomba ukabebee nguo za mtoto, umeniuliza mara ngapi nilikinunua wapi. Sikukinunua. Nilikisuka Lutindi, mwaka aliozaliwa Idi. Ulikuwa na miaka minne, ukaambiwa niko Mombo kwa shangazi yako. Sikuwa Mombo. Nilikaa wiki saba. Kina mikono miwili, mmoja umelegea, na huo uliolegea niliusuka wiki ya kwanza. Ukichomoka usikitupe, ushone kwa uzi wa katani.

Sitaki maswali ya hilo kwenye simu. Nikija nitakuhadithia, au nitashindwa, tutaona.

Redioni niliwahi kusikia habari ya daktari mmoja wa Zimbabwe, Dixon Chibanda. Mgonjwa wake alijiua, na alipofuatilia akaambiwa hakuwa na nauli ya kufika hospitali. Basi mwaka 2006 akaanza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, wakafundishwa kusikiliza, wakawekewa benchi nje ya kliniki. Mtu anakuja, anakaa na bibi, anasema. Wao wana neno lao, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Mambo hayo yamefika mpaka Zanzibar. Nilipoyasikia nikasema huyo ni Mama Salimu, ila yeye hakuwa na benchi. Baba yako, Mungu amrehemu, alitaka mganga kwanza, wakaenda mbuzi wawili. Mama Salimu hakuwa na la kutaka. Alikuwa anakuja asubuhi na sinia lake la mchicha, anakaa kizingitini kwangu, anachambua, anaondoka. Siku ya nne au ya tano nikamwambia jambo. Hakushtuka. Alimaliza mchicha, akavaa khanga, akaenda kutafuta gari.

Una nani huko, mwanangu? Mwalimu mwenzako yule mliyekuwa mkila naye mchana, kaishia wapi? Sikuulizi kwa ubaya. Mumeo yuko barabara ya Tunduma, akivuka mpaka ndio mpaka wiki mbili, na anapofika analala. Mavyaa wako anakuja kuangalia mtoto kanenepa kiasi gani. Wifi yako ni mtoto wa miaka 17, mlaumu lakini usimtwishe. Ukitoa hao, nani? Picha zako za WhatsApp naziona, na lipstiki nimeiona, na Mama Idrisa kaniambia "binti yako kang'aa". Nikamwambia ndiyo, kang'aa. Ungeniandikia mimi badala ya kuwaandikia wale.

Lakini nani aliyekufundisha kunyamaza, hilo silijui. Au nalijua. Mwezi wa tisa ulipiga ukaanza kueleza, nikakwambia wote tumezaa, vumilia. Salio lilikuwa linakwisha, na kulikuwa na wageni. Na nilipokuja kukuuguza uzazi, arobaini yako ilitaka siku 40, mimi nikakaa 12. Niliwahi mavuno. Nilipata magunia saba, sita nikauza kwa bei ya kutupa, la saba ndilo hilo lenye dumuzi. Nikilichekecha naona unga mweupe unadondoka chini. Basi.

La kazini. Uliporudi shule baada ya zile siku 84 uliniambia mkuu wako anakunja uso ukitoka kunyonyesha. Sheria ya ajira ya 2004 inakupa mpaka saa mbili kwa siku kwa ajili hiyo. Andika barua, kaa na nakala. Wewe ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kushika chaki, mimi nimekusomesha kwa cherehani, na cherehani bado iko hapa, kwa hiyo usiombe ruhusa kama aliyeiba. Sipendi ulivyokuwa mnyonge mbele ya wakubwa. Hukuwa hivyo.

La matumizi. Kama mkwe wangu hajaleta hela tangu mwezi wa tisa, ungeniambia mapema kuliko kukopa dukani. Yupo ofisa wa ustawi wa jamii hapo halmashauri, na hospitali kubwa wanao pia. Anawaita wote wawili, mnakaa, mnaulizwa, mnaandikiana. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mume atamtunza mkewe, haikusema isipokuwa awe dereva wa lori. Sisemi ukamshtaki, ni kijana mpole, na nilimpenda kabla yako. Ila upole wake haununui maziwa. Hilo lakini lifuate la nesi, lisitangulie. Ukianza na ugomvi wa hela, ndio utakaoongelewa mpaka mwezi wa pili, na lile neno lako litabaki pale pale kitandani.

Kwa hiyo Jumatatu. Kama nesi ana foleni na akikutikisia mkono upite, usipite. Mtoto akishashuka kwenye mzani wewe baki umesimama. Useme, "Na mimi nina jambo." Akisema njoo kesho, mwulize saa ngapi na umtafute nani, aandike kwenye kadi. Ukikutana na mkali, tafuta mwingine, hawakosekani wawili hapo. Mwambie maneno yale yale. Kama ulimi unakataa, yaandike kwenye karatasi ya daftari umpe, wewe mwalimu, mwandiko unao.

Nauli nimetuma kwenye simu, shilingi 30,000, usimlipe mwenye duka. Ni ya bodaboda ya kliniki, na ya kurudi tena kama watakuita.

Kiroba kina mchele kilo 10, ndimu, karanga, na chupa ya asali nimeifunga soksi ya Idi, imefuliwa. Idi hajambo. Anamaliza VETA mwakani, anadai buti mpya za karakana, nimemwambia avae za baba yake aweke gazeti mbele. Vuli imeanza, bati la jikoni linavuja pale pale. Fundi kachukua nusu ya hela, haonekani tangu Jumanne. Kuku mweupe kaliwa na kicheche, kabaki yule mweusi asiyetaga, namuwinda kwa macho.

Mimi nakuja. Sikuombi ruhusa. Nakata tiketi ya Alhamisi, kwa Segera na Chalinze, magharibi nitakuwa nimeshafika. Nitakaa mpaka shule zifungwe, na zikifungwa tutaona kama utakuja huku na mtoto. Mavyaa wako mwambie mama anakuja kupumzika miguu. Usifue mapazia, usininunulie godoro, nitalala chini karibu na kitanda chako, na mtoto akiamka saa tisa nitamchukua mimi. Mimi usingizi nilishaumaliza, wewe ndiye mwenye deni.

Jumatatu saa saba mchana nitapiga. Sitaanza na kilo za mtoto. Pokea ukiwa nje, mbali na wifi.

Ukishamimina mchele kirudishe kiroba kwa kondakta huyo huyo, anapita kwenu Jumanne. Ni cha Mama Salimu, ameshakiulizia.

Mama yako