Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayesubiri cherehani ya mjomba

Mdogo wangu,

Nimeusoma ujumbe wako wote, mpaka pale uliposema hutaki tena kusikia jina la mjomba. Nakujibu hapa hadharani bila kukutaja, kwa sababu najua mko wengi mnaosubiri kitu kutoka kwa mtu, na mngojeo wenyewe umeanza kugeuka chuki.

Sikwambii kwamba umekosea kuumia. Kwetu pwani mjomba ni mzazi, na ulipomaliza mafunzo ya ushonaji chuo cha ufundi cha VETA alikupigia mwenyewe kutoka Muscat, akacheka, akakuahidi cherehani. Ungekuwaje usiamini? Ninachotaka tukitazame ni ulichokifanya baada ya simu ile. Ulikwenda Ngamiani, hapo Tanga mjini, kuangalia fremu ya duka. Ukazungumza na mwenye nyumba habari za kodi ya miezi sita. Ukamwambia shoga yako asitafute kazi kwingine, mtashona pamoja. Mipango mizima ya mwaka ukaisimamisha juu ya maneno ya mtu mmoja aliyekuwa na furaha siku hiyo, naye hakujua hata nusu ya uliyoyapanga.

Mjomba ni dereva wa nyumba ya watu. Ana mshahara mmoja. Humo zinatoka dawa za bibi, ada za watoto wake kila Januari, bati za nyumba ya familia, na michango ya kila harusi na kila msiba unaotangazwa kwenye kundi la ukoo. Kila anayempigia ana shida ya kweli. Sidhani kwamba alikudanganya. Aliahidi kwa mapenzi, mwezi ukaisha, akaona aibu kukwambia hana, akaacha kupokea simu. Aibu ya mtu mzima mbele ya mtoto wa dada yake ni nzito, na wengi huona afadhali kukimbia kuliko kuisema.

Tunasema ahadi ni deni, na kwa anayeahidi ni kweli. Lakini wewe uliyeahidiwa deni hilo huwezi kulipeleka kwa mwenye fremu kama kodi. Wema wa mtu hauna tarehe. Ukija, upokee kwa mikono miwili na umwombee dua. Usiuandike kwenye hesabu zako kabla haujafika. Kwenye hesabu andika ulichonacho mkononi, na mliyokubaliana na mtu kwa kiasi na kwa siku.

Mama yako yuko kwenye kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Nenda naye siku ya kikao, ukae pembeni uangalie. Utaona sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake wanazo wanawake watatu tofauti. Mweka hazina ambaye sanduku linalala kwake hana hata ufunguo mmoja. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote, hisa zinagongwa muhuri kwenye kitabu cha kila mwanachama, aliyechelewa analipa faini hata kama ndiye mwenyekiti. Mfumo huu ulianza mwaka 1991 kwa akina mama wa Niger, chini ya shirika la CARE, ukaenea Afrika, na kwetu Tanzania Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi hivi rasmi. Lakini nataka uwatazame hao akina mama wenyewe. Wamezikiana, wameozeshana watoto, wamelea wajukuu pamoja. Wanapendana kweli, na bado hawakuuachia upendo peke yake kazi ya kulinda fedha. Nadhani urafiki wao umedumu kwa sababu hiyo.

Ndiyo maana sipendi namna watu wanavyotumia msemo wa mtegemea cha ndugu hufa maskini, kama vile tiba yake ni kuwakata ndugu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliuweka ujamaa na kujitegemea katika siasa moja, na wazee wetu hawakuona mgongano hapo. Kujitegemea ni kusimama kwa miguu yako ukiwa katikati ya watu. Anayejifungia ndani na kutangaza kwamba hamhitaji mtu, mara nyingi ni mtu aliyeumia ambaye bado anasubiri.

Kuhusu rafiki yako ambaye hakuja ulipolazwa, wakati wewe ulimchangia kitchen party mpaka ukakopa sare: hapo nitakuwa mkali kidogo. Ulimwambia kwamba unamhitaji? Ulimwandikia umelazwa, yeye akajibu "pole sana", ukakaa kimya ukimpima. Huo ni mtihani ambao mwenzako hakujua kwamba anaufanya. Mwambie wazi, "Nilitaka uje." Akiomba radhi na kubadilika, rafiki unaye. Akileta visingizio, mpunguzie nafasi, na harusi ijayo changia unachoweza kukisahau.

Na huyo mchumba anayesema posa italetwa "mambo yakikaa sawa", muulize mambo gani, na yakae sawa lini. Mwanamume mwenye nia hatakasirikia swali hilo. Usiache kazi wala masomo kwa ajili ya jibu lake, hata likiwa zuri.

Tuje kwenye kazi, maana hapo ndipo penye nguvu yako. Ufundi unao kichwani na mikononi, cheti unacho kabatini. Kisichokuwepo ni cherehani, na cherehani za watu zimelala. Mtafute fundi mwenye mashine mbili na mtu mmoja, mkubaliane mgao kwa kila nguo, mwandike. Kuanzia Desemba wazazi wanahangaika na sare za shule, kabla ya Idi kila nyumba inataka nguo mpya, na katikati hapo kuna zipu za kubadilisha, suruali za kupunguza, mapindo ya kukunja. Fedha yake ni ndogo, lakini inaingia kila siku.

Pia nenda ofisi ya kata, umwone afisa maendeleo ya jamii. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka uliofuata. Inatolewa kwa vikundi, kwa hiyo wewe na shoga yako mtafuteni wenzenu mnaowajua tabia zao, siyo sura zao tu. Uvumilivu utahitajika, makaratasi ni mengi. Ila usichoke ukakimbilia kausha damu, mikopo ya mitaani yenye riba kubwa. Umeona makochi ya jirani yetu yalivyobebwa mchana kweupe, watoto wanatazama.

Mjomba mpigie. Siyo kwa ajili ya cherehani. Muulize mgongo wake unaendeleaje, maana anakaa kwenye gari kutwa, na mwambie umeanza kazi kwa fundi. Akijua humdai, atapokea simu zako.

Na mimi dada yako niseme langu, ili usikae ukikisia. Cherehani siwezi kukununulia, na fremu siwezi kukulipia. Ninachoweza ni hisa zako za kikoba kwa miezi mitatu ya mwanzo, tano kila mwezi. Ulizia hisa moja ni shilingi ngapi, unitumie jibu. Fedha itaingia kwenye simu yako kila tarehe 5. Andika hilo kwenye daftari lako, na tarehe 6 ikikukuta hujaiona, nipigie unidai.

Dada yako.