Hekaya za Kamakhya zisipikwe chungu kimoja

Mhariri,

Magazeti yetu yanapoandika habari za hekalu la Kamakhya, mungu-mke wa Kihindu, lililo juu ya kilima cha Nilachal mjini Guwahati, jimbo la Assam, kaskazini mashariki mwa India, hekaya za kuanzishwa kwake huunganishwa zikawa kisa kimoja: mwili wa mungu-mke ukaanguka, jitu likajenga ngazi, mfalme akajenga hekalu. Sivyo zilivyo. Ni hekaya tatu za nyakati mbalimbali, na kila moja inaeleza kitu chake ambacho mgeni akifika pale atakiona.

Ya kwanza inaeleza jabali. Daksha aliandaa dhabihu ya moto, akaalika miungu wote isipokuwa mkwewe Shiva. Mungu-mke Sati, binti wa Daksha na mke wa Shiva, alikwenda bila mwaliko, akasikia mumewe akitukanwa hadharani, akafa palepale. Shiva akaibeba maiti akizunguka nayo dunia nzima kwa majonzi. Wasimulizi wengi husema mungu Vishnu aliikata vipande kwa gurudumu lake la vita. Kalika Purana, kitabu kilichotungwa upande huohuo wa India karibu na karne ya 10, kinaeleza vingine: miungu Brahma, Vishnu na Shani waliingia ndani ya maiti, wakaikata kutoka ndani. Sehemu ya uzazi ikaangukia Nilachal, ndipo Sati anapoabudiwa kwa jina la Kamakhya.

Ndiyo maana chumba cha ndani kabisa hakina sanamu, na anayeandika kuhusu "sanamu ya Kamakhya" amekosea jambo la msingi. Mtu huteremka ngazi nyembamba za mawe, gizani, mpaka chini ya usawa wa ardhi. Huko kuna jabali lililoinama kutoka pande mbili hadi kukutana kwenye ufa wa kina cha sentimita 25 hivi, na chemchemi huujaza maji wakati wote. Sikukuu ya Ambubachi, mwezi Juni, inatokana na imani hiyohiyo: mungu-mke yumo hedhini, mlango unafungwa siku 3, wakulima hawalimi, na siku ya 4 waumini hupokea vipande vya kitambaa chekundu.

Idadi ya vipande vya mwili nayo isiandikwe kama hesabu iliyokwisha kukubaliwa. Inayotajwa sana ni 51, lakini zipo orodha za 108. Hekalu la Ambaji, huko Gujarat, jimbo walikotoka mababu wa Wahindu wengi wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, husemekana moyo ndio ulioanguka hapo. Hapo pia hakuna sanamu. Kinachoabudiwa ni yantra, yaani mchoro mtakatifu.

Hekaya ya pili inaeleza njia. Naraka, yule aitwaye jitu, mfalme wa Pragjyotisha, jina la kale la eneo hilo, alimposa mungu-mke. Akapewa sharti: ajenge ngazi za mawe kutoka chini ya kilima hadi juu kwa usiku mmoja. Alipokaribia kumaliza, jogoo alifanywa awike kabla ya alfajiri, naye akaacha kazi akidhani kumekucha. Njia hiyo ya mawe ipo hadi leo na watu huipanda. Waandishi huliruka jambo moja hapa: koo tatu za wafalme wa Kamarupa, ufalme wa kale wa Assam, zilizofuatana kwa karne nyingi, zote zilidai kuwa ni kizazi cha Naraka. Huyu "jitu" alikuwa babu wa kujivunia.

Ya tatu ndiyo inayoeleza kuba, nayo ina tarehe. Mfalme Vishwasingha wa ufalme wa Koch, akiwa amepotea kilimani, alionyeshwa chemchemi na bibi kizee, akaweka nadhiri ya kujenga hekalu la dhahabu. Dhahabu haikutosha, basi kila tofali likatiwa ratti moja, uzito wa ile mbegu ndogo nyekundu yenye doa jeusi, takriban gramu 0.12. Lililopo sasa ni la mwanawe Naranarayan, na maandishi ya hekaluni yanataja mwaka 1487 wa Shaka, kalenda ya Kihindi, ambao ni 1565. Mafundi walijaribu mara mbili kurudisha mnara wa mawe wakashindwa. Fundi Meghamukdam akageukia matofali, na ndiyo sababu kuba lile linafanana na majengo ya Waislamu wa Bengal wa enzi hizo.

Hapo ndipo penye kosa lililozoeleka kuliko yote, kwamba jemadari Kalapahar alibomoa hekalu la zamani ndipo Wakoch wakalijenga upya. Kalapahar alimtumikia Sulaiman Karrani, aliyeanza kutawala Bengal katikati ya miaka ya 1560, wakati ujenzi unakamilika. Uharibifu wa mwanzo unahusishwa zaidi na vita vya Hussein Shah, sultani wa Bengal, vya mwaka 1498.

Tena hekaya hizi tatu zisimulizwapo, wenyeji wa kilima hawatajwi. Kalika Purana yenyewe inasema Naraka aliwakuta pale Wakirata, watu wa milimani, akawafukuza, na inakiri kwamba ibada ya Kamakhya ilikuwa yao. Wakhasi na Wagaro, wanaoishi milima ya jirani, wana mapokeo kwamba babu zao walitoa dhabihu mahali hapo, kabla ya Sati kutajwa huko.

Msomaji wako,
Mombasa