Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: mapigano ya babu zetu yaandikwe pale Sanamu ya Askari

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Mwenge, jirani na kambi ya jeshi ya Lugalo. Mwaka 1964 kambi hiyo ilikuwa ikiitwa Colito, jina la mahali kule Ethiopia ambako batalioni ya 6 ya Keya (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki), vijana wa Tanganyika, ilipambana na Waitaliano tarehe 19 Mei 1941. Sajenti Nigel Leakey aliyefia pale alipewa Nishani ya Victoria. Watanganyika waliokufa naye, nani leo anawajua?

Jina la Lugalo nalipenda zaidi. Ni ushindi wa Wahehe dhidi ya Zelewski, kamanda wa Wajerumani, Agosti 1891. Tena baada ya uasi wa askari wa Januari 1964, ilikuwa sawa kabisa kuivunja Tanganyika Rifles, jeshi lililotokana na Keya, na kuanza upya na JWTZ tarehe 1 Septemba. Hakuna aliyetaka kurithi bendera ya mkoloni. Ila tulipoitupa bendera, na watu waliokuwa chini yake tuliwatupa.

Itazame orodha ya heshima za Keya, yaani mapigano ambayo jeshi hilo liliruhusiwa kujivunia, mheshimiwa. Imo Narungombe, Julai 1917. Imo Nyangao, Oktoba 1917. Yote mawili ni Lindi yetu hii, na Waafrika walikuwa pande zote mbili, wa Mwingereza na wa Mjerumani. Kisha Kalewa, Burma: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye nembo ya mnyama kifaru, ilivuka mto Chindwin Desemba 1944, na batalioni za 26 na 36 za Tanganyika zilikuwamo.

Sasa nenda pale Posta. Askari wa shaba kainama, singe kaielekeza bandarini, tangu 1927. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawakumbuka hata wapagazi, na yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Pigano hata moja halikutajwa. (Nchi yako! Mwaka 1917?)

Ombi langu ni kibao kimoja, kwa Kiswahili, pembeni ya sanamu: Narungombe, Nyangao, Colito, Kalewa, na mwaka wa kila moja. Chini yake, kwa mstari wa kutenganisha, Masaka na Lukaya 1979, heshima za vita dhidi ya Idi Amin ambazo JWTZ ilizipata chini ya bendera yetu wenyewe. Mstari huo uwepo. Hayo si jeshi moja.

Najua mambo ya kale yako kwa mwenzako wa Maliasili na Utalii. Wewe ukimwandikia, atajibu haraka kuliko akiandikiwa na mimi.

Mkazi wa Mwenge, Dar es Salaam