Risala ya Kikundi cha Wanawake Wasaidizi wa Manusura wa Ukatili wa Kijinsia kwa Mgeni Rasmi, Kilele cha Siku 16, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, wenyeviti wa serikali za mitaa, viongozi wa dini na wananchi wote; itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo, tarehe 10 Desemba, kilele cha Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia zilizoanza Novemba 25. Tunakushukuru nawe kwa kufika mwenyewe, jambo ambalo kwa uzoefu wetu si dogo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi hiki kilizaliwa ndani ya kikoba cha akina mama waliochoka kuona binti wa jirani akienda polisi peke yake usiku. Historia yake ni ndefu, lakini muda wako ni adimu, hivyo tunaikatia hapo. Mafanikio ni makubwa mno: tumenunua viti vya plastiki, tumeshona sare hizi za vitenge, na tumefungua akaunti ya benki yenye watia saini watatu. Aidha, tumewafundisha hata bodaboda wa kijiwe cha sokoni kwamba aliyebakwa asioge wala kufua nguo alizovaa, na kwamba nguo hizo zifungwe katika bahasha ya kaki, kwa kuwa mfuko wa nailoni hutunza unyevu na kuozesha ushahidi. Vijana hao hutubebea manusura usiku kwa mkopo, na deni lao bado tunalo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tuseme lililotufanya tukualike.

Mwanamke akibakwa usiku katika kata yetu, huanzia kwa mjumbe, akaenda kituo cha polisi kuchukua PF3, yaani fomu ya polisi ambayo daktari huijaza, akapanda bajaji kwenda hospitali kupimwa, kisha akairudisha fomu polisi. Kila anapofika huanza kusimulia upya, na mara nyingine husimulia kaunta, pembeni ya mtu aliyekuja kuripoti simu iliyoibwa. Wakati huo saa zinakwenda. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze kumezwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa, kisha ziendelee kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo vina ukomo wa siku 5. Tumempokea mama aliyetufikia siku ya nne, kwa sababu siku tatu za mwanzo wakwe zake walikuwa wakimsihi jambo hilo liishe nyumbani. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilimwekea mbakaji kifungo kisichopungua miaka 30, lakini daktari hujaza katika PF3 kile anachokikuta mwilini, na siku ya nne hakuwa amebakiwa na mengi ya kukuta.

Ndiyo maana tunaomba chumba cha Mkono kwa Mkono, kwa mfano wa kituo cha Hospitali ya Amana kule Ilala, ambapo daktari, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto na afisa ustawi wa jamii humhudumia manusura mahali pamoja, naye akasimulia mara moja. Hatuombi ghorofa. Kuta tumekwisha kuzipandisha hadi usawa wa linta, kwa fedha za kikoba, katika uwanja wa kituo chetu cha afya. Tulishauriwa mlango uelekee getini ili chumba kipendeze. Tulikataa, kwa sababu kila aliyepanga foleni ya kliniki ya watoto angejua nani ameingia humo na kwa lipi.

Mwaka juzi, Mheshimiwa, mgeni rasmi wa siku hiyo, ambaye tunamheshimu sana, alisimama hapo uliposimama, akatuahidi mabati kabla ya masika. Tulipiga vigelegele, na picha yake tumeitundika ofisini. Mvua za masika zimekuja mara mbili tangu hapo. Kuta zimeota ukungu na mbuzi wa majirani wamehamia. Mwaka jana alimtuma mwakilishi, aliyetuhakikishia kwamba ahadi ipo palepale. Hilo hatulipingi, kwani hadi leo haijasogea. Barua tatu tumeandika, na jibu tulilopata ni kwamba suala linashughulikiwa.

Kwa unyenyekevu mkubwa tunakuomba mabati, mlango wenye kitasa, umeme, na kabati la kufuli la kuhifadhia dawa na ushahidi. Tunaomba pia, na pengine hili ni kubwa kuliko mabati, nesi wa zamu ya usiku na askari wa Dawati atakayefika na PF3 akipigiwa simu, kwa maana chumba kinachofungwa saa tisa na nusu alasiri hakitamfaa aliyevamiwa saa nne usiku.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utakaposimama kuzungumza ututajie tarehe. Fundi wetu ameketi mstari wa nyuma, mwenye fulana ya bluu, na vipimo vya paa anavyo mfukoni.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi